Daftari Lisilo na Picha

“Kaka, samahani, umesimama ndani ya picha yetu.”

Yule mwanamume hakugeuka. Mkono mmoja ulishika bakuli la karatasi lenye uji mzito wa tambi, mwingine kijiko, na mgongo wake mpana ndani ya shati la kazi la buluu ulikuwa umeziba kabisa mlango ambao watu watano walikuwa wamekaa wakiuchora. Ilikuwa Jumamosi saa tatu asubuhi, na Barabara ya Magharibi mjini Quanzhou ilikuwa imefurika: pikipiki za umeme zikipiga honi, wauza maandazi ya mvuke wakiita, wasichana waliokodi maua ya kichwani wakipiga picha kila baada ya hatua tatu.

“Kaka wa shati la buluu!” Huang Peishan alipaza sauti.

Sasa akageuka, mashavu yamejaa. Akawaona wale watu watano kwenye viti vya kukunja, daftari mapajani, penseli zikiwa zimesimama hewani. Akameza kwa shida.

“Mnachora nini?”

“Tulikuwa tunachora mlango. Sasa tunachora mgongo wako.”

“Basi ngoja niuweke vizuri.” Akajinyoosha kama askari wa gwaride, tambi zikamwagika kwenye kiatu.

Watu wakacheka, na Peishan akacheka kuliko wote. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, jinzi iliyopauka magotini, blauzi ya rangi ya ndizi mbivu, na fundo la nywele kisogoni lililozungushiwa mashada mawili ya asumini na kuchomekwa kijiti cheupe. Wengine mtaani humo walivaa maua hayo kwa saa moja, kwa ajili ya picha, kisha wakayarudisha dukani. Peishan alizaliwa Xunpu, kijiji cha wavuna chaza pale mto unapoingia baharini, na alijifunga maua yake mwenyewe kila asubuhi tangu alipokuwa na miaka kumi na miwili.

“Hicho kiti kitupu ni cha nani?” mwanamume akauliza.

“Cha mtu aliyelala akasahau. Unataka kuchora?”

“Kuchora sijui.”

“Hapa hakuna anayejua. Kaa.”

“Mwalimu!” alilalamika Xie Manni, mwanafunzi wa miezi miwili, msichana wa miwani mikubwa ya duara ambaye simu yake ilikuwa juu muda wote ikirekodi kila kitu.

Mwanamume akaketi. Jina lake, alisema, ni Ding Shuming, fundi wa lifti, na leo ni siku yake ya mapumziko. Peishan akampa penseli na daftari jipya. Fundi akautazama ule mlango kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta mahali umeme ulipokatika. Kisha akainama, mkono ukaanza kwenda mbio. Peishan aliposogea kuchungulia, akafunika ukurasa kwa kiganja kama mtoto kwenye mtihani.

“Bado.”

“Sawa, bado.”

“Lakini nisaidie, Mwalimu. Huo wekundu wa mlango ni wekundu gani? Wa pilipili au wa tofali?”

Watu walikuwa wakimuuliza Peishan achanganye rangi gani na gani. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivi. Akaufikiria mlango ule uliochakaa.

“Ni wa mdomo wa mwanamke aliyekunywa chai, nusu ya rangi ikabaki kwenye kikombe.”

Shuming akamtazama. Akainama tena, akaandika.

*

Jumamosi iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika. Na iliyofuata pia. Matembezi ya kuchora aliyoyaongoza Peishan yalikuwa na vituo sita, tangu mlango ule mwekundu hadi ua wa Mzee Kang, mchonga vichwa vya vikaragosi, ambaye hakumfungulia mgeni yeyote isipokuwa Peishan, tena kwa kununa. Kila kituo Shuming alikaa pembeni, akaficha ukurasa, akauliza maswali yake ya ajabu. Paa lile lililopinda ncha mbili, limepinda kama nini? Jiwe hili likiguswa asubuhi lina baridi ya aina gani? Peishan alijikuta siku za katikati ya wiki akitafuta majibu ya maswali ambayo hayajaulizwa bado.

Simu nazo zikaanza.

“Haloo, Mwalimu.”

“Fundi. Leo uko ghorofa ya ngapi?”

“Ya ishirini na saba. Nimepanda hadi juu ya paa nipate mtandao.”

“Kuna nini?”

“Jambo la kitaaluma. Matofali ya ukutani kwa Mzee Kang, ile mistari myeusi ni ya moshi au ya nini?”

“Ni majivu ya misonobari, yaliyaangukia yakiwa tanurini. Umepanda ghorofa ishirini na saba uniulize habari za matofali?”

“Hapana, hiyo ilikuwa ya kuanzia. Umekula?”

“Nimekula.”

“Nini?”

“Fundi, wewe huna kazi?”

“Ninayo. Kuna bibi kasimama hapo chini anasubiri lifti. Lakini bado hajaanza kutukana.”

Peishan akacheka hadi mama yake, aliyekuwa amekaa mlangoni akifungua chaza kwa kisu kifupi, akainua kichwa.

“Nani huyo?”

“Mwanafunzi, mama.”

“Mwanafunzi wa kuchora,” mama akasema, akitupa ganda kwenye lundo. “Haya. Mimi nawe tutaona anachora nini.”

Jumamosi ya tano, baada ya matembezi, walikaa kwenye kibaraza cha muuza jeli ya mwani, kila mmoja na bakuli lake la baridi lenye asali. Jasho la Juni lilikuwa limeloanisha ukosi wa shati la Shuming. Lakini alikuwa amelipiga pasi shati hilo, Peishan aliliona hilo, mikunjo ya mikono ilikuwa imenyooka kama uzi.

“Maua yako leo si yale,” Shuming akasema.

“Umeona?”

“Wiki iliyopita yalikuwa meupe matupu. Leo kuna ya waridi upande wa kushoto. Matano.”

“Umeyahesabu!”

“Kazi yangu ni kuhesabu nati, Mwalimu. Ikipungua moja, watu wanaanguka.”

“Na ua likipungua moja?”

“Nitaanguka mimi.”

Peishan akajifanya anatafuta kitu chini ya bakuli. Uso ulimwaka. Alitamani akae pale hadi jioni. Lakini saa saba ilipogonga, Shuming akatazama saa yake, akanyanyuka haraka kama kila Jumamosi.

“Unakimbilia wapi siku zote?”

“Kuna mtu ananisubiri nyumbani.”

Hakusema ni nani. Peishan hakuuliza. Alibaki na bakuli mbili mbele yake, na ile jeli aliyokuwa akiipenda tangu utoto ikamshinda kumaliza.

*

Jumamosi ya saba, kwenye ua wa Mzee Kang, upepo ulivuma kutoka uchochoroni ukafunua daftari la Shuming lililokuwa juu ya kiti. Mwenyewe alikuwa kisimani akiosha mikono. Peishan hakukusudia kusoma. Lakini alichokiona kilimfanya asogee: kurasa na kurasa, na hapakuwa na picha hata moja. Maneno matupu. “Kituo cha kwanza. Kutoka kona hatua arobaini na mbili. Mwalimu amesema…” Vituo vyote sita, kila pembe, kila neno alilolitamka.

Aliliacha kama lilivyokuwa.

Siku ya Alhamisi rafiki yake akamtumia tangazo lililokuwa likizunguka kwenye simu za watu. Matembezi mapya ya kuchora, vituo sita vilevile, kwa mpangilio uleule, hadi ua wa mchonga vikaragosi. Hakukuwa na jina la mtu. Na chini ya picha ya mlango mwekundu ilikuwa imeandikwa: “Wekundu wa mdomo wa mwanamke aliyekunywa chai.”

Peishan akaketi kitandani. Miaka minne alikuwa ameitembea mitaa ile kwenye jua na mvua kuipata njia hiyo. Alimpelekea Mzee Kang chaza majira mawili ya baridi kabla hajafunguliwa mlango. Na sasa kuna mtu amekuja, amekaa kwenye kiti chake, amecheka naye, amehesabu maua yake, kumbe anaandika.

Jumamosi Manni hakufika; alituma ujumbe kwamba ana mafua. Wengine wanne walikuwapo. Shuming alikuja na shati jeupe jipya, ameshika mfuko wa matunda ya lichi, tabasamu limeanza tangu kona ya mtaa.

“Fundi,” Peishan akasema kabla hajaketi, “wafunulie wenzako daftari lako.”

Tabasamu likasimama. “Kwa nini?”

“Tuone unachora nini.”

“Sichori. Wewe unajua sijui kuchora.”

“Basi unaandika nini? Mpaka hatua unahesabu!” Akamnyooshea simu yenye tangazo. “Haya maneno ni yangu. Wiki saba hukuchora mstari hata mmoja, umeandika maneno yangu, halafu saa saba unakimbia. Huyo anayekusubiri nyumbani ndiye anayekutungia matangazo?”

Wale wanne waliinamia daftari zao. Shuming akalisoma tangazo, akalisoma tena. Rangi ilimtoka usoni.

“Sijui habari ya tangazo hili.”

“Basi sema daftari ni la nini.”

Akaliweka daftari kwapani. “Siwezi. Nilimwahidi mtu.”

“Basi nirudishie kiti changu.”

Shuming alikikunja kile kiti taratibu, akakifuta vumbi kwa kiganja, akampa. Mfuko wa lichi akauacha kwenye ngazi ya jiwe. Akaondoka akipenya katikati ya watu waliovaa maua, na mgongo wake mpana ulionekana kwa muda mrefu kabla barabara haijaumeza.

Matembezi ya siku ile yalikwisha mapema. Hakuna aliyekula zile lichi.

*

Jumanne Mzee Kang alipiga simu. Mzee huyo hakuwa mtu wa salamu.

“Peishan! Yule msichana wako wa miwani kama sahani, umemtuma wewe?”

“Manni? Nimtume wapi, mzee?”

“Kaja hapa na watu kumi na wanane! Anasema yeye ndiye mwalimu siku hizi. Anasoma maneno yako kwenye simu, neno kwa neno, mpaka ule mzaha wako kuhusu pua yangu! Nimewafagia kwa ufagio mpaka mtaa wa pili. Mmoja kanivunjia kichwa cha mfalme.”

“Cha kikaragosi?”

“Cha nani mwingine! Mwambie akilipe.”

Peishan aliishusha simu. Simu ya Manni ilikuwa juu muda wote. Ilirekodi mbele ya macho yake, wiki baada ya wiki, naye akaenda kumshika aliyekuwa na penseli.

Alimpigia Shuming mara tatu asubuhi na mara nne mchana. Haikupokewa. Akaandika: “Nimekosea. Nimekosea vibaya.” Ujumbe ukasomwa. Jibu halikuja. Jumatano akajaribu tena. Alijua kwamba ndani ya shimo la lifti hakuna mtandao, akajiliwaza kwa hilo, lakini hata mafundi wa lifti hutoka kula.

Alhamisi, alipokuwa akimsaidia mama kufungua chaza, namba asiyoijua ikaita. Akaipokea kwa vidole viwili visivyolowa.

“Haloo? Wewe ndiye binti wa Xunpu mwenye maua?” Ilikuwa sauti ya mwanamke wa makamo, kavu na ya haraka.

“Ndiye mimi. Nani mwenzangu?”

“Naitwa Su Baozhen. Nimemsumbua jirani anisomee kadi yako niliyoikuta mfukoni mwa shati nikifua. Nauliza hivi: matembezi yako yamekufa?”

“Hayajafa, mama. Kwa nini?”

“Kijana wangu kaniambia Jumamosi mlifunga kwa sababu ya mvua. Sasa sikiliza, binti. Mimi tangu mwaka juzi sioni, macho yamekwenda yote mawili. Lakini mvua naisikia. Jumamosi haikunyesha.”

Kisu kikamtoka Peishan mkononi. “Kijana wako ni nani, mama?”

“Ding Shuming, na usiniambie humjui, maana yeye anakujua mpaka kidoti.”

“Kidoti gani?”

“Cha chini ya sikio la kushoto.”

Mkono wa Peishan ukaenda wenyewe sikioni, ukaacha maji ya chaza shingoni.

“Nilizaliwa kwenye vichochoro hivyo,” Bi Su akaendelea. “Nimedarizi nyuzi za dhahabu miaka arobaini, mapazia ya hekalu na nguo za maharusi, na watu walinisifu kwa macho yangu. Yalipokwenda nikamwapisha kijana asimwambie mtu. Sikutaka huruma za watu sokoni. Basi siku moja akarudi na daftari, akanisomea mlango mwekundu. Wa mwanamke aliyekunywa chai. Binti, niliuona! Tangu hapo kila Jumamosi saa saba na nusu nakaa dirishani nikisubiri mji wangu. Minara ya hekalu la Kaiyuan kanisomea mara moja tu. Wewe unasomwa kila wiki. Sasa naona kimya. Amekukosea nini?”

“Hakunikosea.” Peishan akajifuta maji ya chaza shingoni. “Mama, mvua ilikuwa mimi.”

Upande wa pili Bi Su akaguna.

“Basi njoo unyeshe hapa kwangu tuelewane. Jengo la tatu, ghorofa ya kumi na mbili. Lifti inafanya kazi vizuri, anaitazama mwenyewe.”

Mama yake Peishan alikuwa amesikia yote, maana Bi Su hakuwa mtu wa sauti ndogo. Akavuta bakuli safi, akaanza kuchagua chaza wakubwa wakubwa.

“Huendi mikono mitupu,” akasema.

*

Bi Su alikuwa mwanamke mdogo aliyenyooka, blauzi ya hariri ya kijivu imefungwa vifungo vyote hadi shingoni. Kitu cha kwanza alichotaka ni maua. Peishan akapiga magoti mbele ya kiti chake, na vile vidole vya mdarizi vikapita juu ya fundo la nywele, polepole, vikitaja: asumini, asumini, waridi dogo, hili limechoka, hili ni la leo.

“Umejifunga kwa haraka,” akasema.

“Nilikuwa natetemeka, mama.”

Mlango ukafunguliwa. Shuming alisimama kizingitini na ovaroli yenye grisi, sanduku la spana mkononi. Akamtazama mama, akamtazama Peishan aliyepiga magoti, akaliweka sanduku chini kwa kishindo kidogo.

“Mama, umefanya nini?”

“Nimepiga simu. Napika chaza, niacheni.” Bi Su akanyanyuka, akaenda jikoni akipapasa ukuta, akaacha mlango wazi wa kutosha.

Peishan alisimama. “Nimejua ni Manni.”

“Vizuri.”

“Nilikupigia.”

“Niliona.” Hakusogea. “Uliniuliza kama mwizi, Peishan. Mbele za watu. Nilikuwa nimenunua shati.”

Lile shati ndilo lililomchoma zaidi. “Najua. Nililiona.”

“Ungeniuliza tukiwa wawili ningekuambia. Ningevunja kiapo cha mama, nikakuambia.”

“Ndiyo maana sikukuuliza tukiwa wawili.” Alivuta pumzi. “Niliogopa jibu. Kila Jumamosi kuna mtu anakusubiri nyumbani. Nikajiambia ni mke. Tangazo lilipokuja, ilikuwa rahisi zaidi kukuita mwizi kuliko kukuuliza una mke.”

Jikoni kitu kikaanguka, na kicheko cha Bi Su kikafuata. “Mke! Nani atamchukua huyu na harufu ya grisi?”

“Mama!”

“Sisikii chochote, mafuta yanalia!”

Shuming akajaribu kubaki na hasira yake, lakini pembe za mdomo zilimsaliti. Akajifuta uso kwa mkono, akaacha alama nyeusi shavuni.

“Jumamosi nitakuomba radhi mbele ya wale wale,” Peishan akasema.

“Sihitaji.”

“Mimi nahitaji. Na nataka kiti chako kikaliwe.”

“Na mimi?” sauti ikatoka jikoni. “Viti unavyo vingapi?”

Walitazamana. Shuming akasogea hatua moja, ya kwanza tangu aingie.

“Unasemaje, Mwalimu?” akauliza kwa sauti ya chini. “Huyu akija atakusahihisha kila neno.”

“Anisahihishe,” Peishan akasema, akachukua kitambaa mezani, akamfuta grisi shavuni. Grisi ilikwisha upesi, lakini kitambaa hakikuondoka mapema.

*

Jumamosi jua lilikuwa kali. Bi Su alivaa blauzi ya rangi ya zambarau na kofia ya majani, akaketishwa kwenye kiti cha mbele, Shuming kando yake. Wale wanne walikuwapo wote. Umbea ulikuwa umewafikia. Peishan akasimama mbele yao, mikono nyuma.

“Jumamosi iliyopita nilimwita Ndugu Ding mwizi hapa hapa. Nilikosea. Hakuchukua kitu changu. Maneno yangu aliyapeleka mahali pazuri kuliko nilivyowahi kuyapeleka mimi. Namwomba radhi mbele yenu.” Akainama, akainama chini kabisa, mpaka ua moja likaanguka.

“Nimekubali,” Shuming akasema upesi, masikio yamewiva. “Simama, Mwalimu, damu itashuka kichwani.”

Wakati huohuo kundi la Manni likatokea kona, watu kumi na wawili na viti vipya. Manni alipomwona Peishan alisimama ghafla, miwani ikashuka puani.

“Mwalimu… njia ni ya umma,” akaanza.

“Ya umma kabisa,” Peishan akasema. “Keti popote. Ila maneno yangu niachie, utafute yako. Na Mzee Kang anataka kichwa cha mfalme.”

Manni akawa mwekundu kuliko mlango. Na hapo Bi Su, ambaye hakujali nani amekuja, akainua uso kuuelekea.

“Mlango huu,” akasema kwa sauti yake kavu, “niliuingia nikiwa na miaka kumi na tisa nimebeba nguo ya harusi ya binti wa nyumba hii. Miezi minane nilidarizi, nyuzi za dhahabu tupu. Nafika, bi harusi hayupo! Kaondoka na mpiga zumari.”

“Ikawaje?” akauliza mtu mmoja, wa kundi la Manni.

“Mama yake akanishika mkono akasema, ivae wewe kwanza, nione nilichokinunua. Nikaivaa. Mimi, binti wa muuza dagaa, nikasimama kwenye ua huo na dhahabu mwilini. Na kijana aliyekuwa juu ya paa akipanga vigae akaniona, akakosea hatua, akaanguka kwenye pipa la maji. Huyo ndiye baba yake Shuming.”

Barabara nzima ikalipuka kwa kicheko. Viti vya Manni vikageuka kimoja kimoja, miguu ikikwaruza mawe, mpaka watu wote kumi na wawili walikuwa wamemkabili Bi Su, penseli zinakimbia. Manni alibaki na simu yake. Baada ya muda akaishusha, akakaa chini kwenye ngazi, akasikiliza.

“Hukuniambia hii,” Shuming alimnong'oneza mama.

“Hukuuliza,” mama akamjibu. Kisha akageuza shingo. “Peishan! Huyu kijana amekuomba?”

“Kuniomba nini, mama?”

“Basi bado. Shuming, mama yake binti ana nafasi lini?”

*

Mama yake Peishan alikuwa na nafasi Jumapili. Aliwakaribisha Xunpu, kwenye nyumba yenye ukuta wa maganda ya chaza, meza imewekwa uani, chaza wamekaangwa na mayai na vitunguu vya majani, sahani ya pili, ya tatu. Mwenyewe alivaa hereni zake za dhahabu na maua mekundu kichwani. Wale mama wawili walielewana kabla chai haijapoa; walikuwa wakizungumzia nyuzi na bei ya asumini kana kwamba wamefahamiana tangu usichana. Shuming alikaa na shati jeupe, ameshika vijiti vya kulia bila kula, na Peishan alikaa mkabala naye akila kwa niaba ya wote wawili.

Mwishowe mama yake Peishan akaweka kikombe chini.

“Jamani, nani anamtaka nani hapa? Maana mmekaa kama watu waliokuja kununua chaza.”

Shuming akasimama ghafla, kiti kikaanguka nyuma yake. Alikuwa amejiandaa njia nzima. Peishan, aliyekwenda kuwachukua, alimwona akisogeza midomo ndani ya basi. Sasa yote yakampotea.

“Mimi, mama,” akasema. “Namtaka Peishan. Nataka nimuoe. Sina maneno mazuri, mazuri yote ni yake. Lakini siku asipokuwapo, mimi mwenye macho mawili sioni kitu.”

Bi Su akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeridhika na mshono.

“Na wewe?” mama akamgeukia binti.

Peishan, aliyezungumza kila Jumamosi kwa miaka minne bila kukosa neno, alikuwa na chaza mdomoni. Akatafuna. Akameza. Machozi yalikuwa yamekwisha kumtangulia.

“Namtaka,” akasema. “Tena kama mngechelewa kuuliza ningesema mwenyewe.”

Wale mama wakaanza palepale kubishana juu ya tarehe. Mmoja alitaka vuli, maua yanapokuwa mengi, mwingine alisema vuli ni mbali, kijana atakonda. Hakuna aliyewatazama tena wenyewe. Shuming akaizunguka meza, akamshika Peishan mkono, wakatoka nje ya lango hadi uchochoroni.

Wanawake wa Xunpu walikuwa wamekaa safu nzima mbele ya milango yao, visu vifupi mikononi, maua vichwani, malundo ya maganda miguuni. Visu vikasimama. Macho yote yakaishukia ile mikono miwili iliyoshikana mchana kweupe.

“We Peishan!” akaita shangazi wa mlango wa kwanza. “Ndiye huyo?”

Shuming alijaribu kuuachia mkono kwa aibu. Peishan akauvuta, akaukaza.

“Ndiye, shangazi!”

“Mbona kama amekonda?”

“Nitamlisha!”

Kicheko kikapita mlango hadi mlango, kikawatangulia hadi mwisho wa uchochoro, nao wakakifuata taratibu, bila haraka ya kufika popote.